Ubao Usiooshwa: Mhadhara juu ya Kutengeneza Taswira za Mafaili kwa Vifaa vya Flashi

Naona feni inazunguka, kwa hivyo stima ipo. Nitajitahidi nimalize kabla haijabadili nia.

Nimekuja kuwaonyesha namna taswira ya mafaili inavyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vidogo vyenye kumbukumbu ya flashi: rauta, dekoda, kamera za ulinzi na jamaa zao. Mafundi huiita imeji, nami nitayachanganya majina yote mawili. Jambo nitakaloling'ang'ania tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: imeji si nakala ya mafaili. Hukatwa kwa kipimo cha chipu, kama kanzu inavyokatwa kwa kipimo cha mabega ya mwenyewe. Fundi asiyeijua chipu atamvika mtu kanzu ya jirani, halafu ailaumu nguo.

Kwa nini mazungumzo haya yafanyike Mikindani, si kwenye chuo kikuu? Sihitaji kuwasimulia habari za Owino Uhuru; wengine hapa wametoka huko leo kwa miguu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu sumu ya risasi mwilini na ardhini, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ambayo baadaye ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Betri si rauta, najua. Ila mtaa uliokwisha kuonja risasi una haki ya kukiuliza kila kifaa kinachoelekea jaani: umekufa kweli, au umekosa programu tu? Vingi vya vifaa ninavyoletewa havijafa. Kilichokufa ni hamu ya aliyeviunda kuendelea kuvitunza.

Kabla ya hoja, tusafishe neno. Hapa kwetu “kuflashi” ni kumpigia mtu simu ukakata kabla hajapokea, ili gharama iwe yake. Flashi pia ni kile kijiti cha kubebea mafaili. Na fundi wa simu “anaflashi” anapotia programu upya. Leo sina habari na hiyo ya kwanza, ingawa wengi wenu ndiyo mnayoijua zaidi. Flashi ninayoisema ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, akaitangaza mwaka 1984. Husimuliwa kwamba mwenzake kazini aliona data inavyofutika kwa mpigo mmoja, akakumbuka taa ya kamera, na jina likakwama hapo.

Ukiifungua rauta ya kawaida utaikuta flashi hiyo katika chipu nyeusi yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mgongoni imeandikwa 25Q64 au kitu kama hicho. Muuzaji atakwambia “hii ni sitini na nne”, nawe utafurahi. Usifurahi. Ni megabiti 64, yaani megabaiti 8. Picha mbili za harusi zilizopigwa kwa simu nzuri zinaijaza. Ndani ya megabaiti hizo nane inakaa programu ya kuwashia, kiini cha Linux, mafaili yote ya mfumo, mipangilio yako, na bado ibaki nafasi ya kupumulia.

Hoja ya kwanza: flashi ni ubao wa chuoni.

Mliosoma chuo cha Kurani zamani, au wazazi wenu, mnaujua ubao wa mbao. Unaandika aya kwa wino, unaihifadhi, kisha ubao unaoshwa kwa maji ili aya nyingine iandikwe. Huwezi kufuta herufi moja katikati. Unauosha wote. Flashi ni vivyo hivyo. Ikiwa safi, kila biti yake ni 1. Kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0, na hapo unaweza kuandika kidogo kidogo upendavyo. Lakini kuirudisha 0 iwe 1 hakuna njia ila kuosha bloku nzima. Katika chipu za miguu minane, aina ya NOR, bloku moja kwa kawaida ni kilobaiti 64. Katika chipu kubwa za aina ya NAND bloku mara nyingi ni kilobaiti 128, nayo imegawanywa kurasa 64 za baiti 2,048.

Na ubao hulika. Kila kuosha kunachukua kidogo cha mbao. Chipu nzuri huahidi kuoshwa mara 100,000 hivi kwa kila bloku. Zinasikika nyingi. Tuhesabu pamoja: rauta inaandika rekodi zake kila dakika, na kila mara mfumo mjinga unaiosha bloku ileile. Siku moja ina dakika 1,440. Baada ya siku 69 bloku hiyo imekwisha. Sasa chukua kazi hiyohiyo uisambaze sawasawa kwenye bloku 64: unapata miaka 12. Chipu ni ileile, umebadilisha mpangilio tu.

Ndiyo maana mifumo ya mafaili ya diski za kompyuta haiwekwi hivihivi juu ya flashi tupu. Mwaka 1999 kampuni ya Axis ya Uswidi ilitoa mfumo uitwao JFFS, na mwaka 2001 David Woodhouse, aliyekuwa Red Hat, akatoa mrithi wake, JFFS2. Huu unafanya kazi kama daftari la deni la dukani. Mwenye duka hafuti mstari wa jana. Anaandika mstari mpya chini yake, na mstari wa mwisho ndio wenye nguvu. Kila kipande cha faili katika JFFS2 kina namba ya toleo. Kifaa kikiwaka kinapitia daftari lote, na toleo kubwa ndilo linaloaminiwa. Likumbukeni daftari hili. Litaniumbua mbele.

     

Hoja ya pili: pima kabla ya kukata.

Amri ya kwanza kwenye kifaa chochote cha Linux chenye flashi si ya kuandika. Ni ya kusoma: cat /proc/mtd. Itakutolea orodha fupi, kila mstari ukiwa na jina la sehemu, ukubwa wake, na ukubwa wa bloku ya kuosha. Ukiona 00010000, hiyo ni hesabu ya msingi wa kumi na sita, yaani baiti 65,536, ndizo kilobaiti 64. Ukiona 00020000 ni kilobaiti 128. Andika kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa sababu simu yako itazima chaji siku unayoihitaji.

Programu ya mkfs.jffs2, usipoiambia kitu, huchukulia kwamba bloku ni kilobaiti 64. Haikuulizi. Ukikata imeji kwa bloku kubwa kuliko za chipu, vipande vya mafaili vitalala juu ya mpaka wa bloku mbili, mguu mmoja huku na mwingine kule, na mfumo utavikataa. Ukikata kwa bloku ndogo kuliko za chipu, kifaa kinaweza kuwaka huku kikinung'unika kwamba kimekuta alama za mwanzo wa bloku katikati ya bloku. Mafundi wengi huyapuuza manung'uniko hayo. Mimi pia niliyapuuza kwa muda mrefu.

Kuna pia upande wa kusomea. Watu wa pwani hii hatuhitaji mfano wa mbali: babu zetu waliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kulia kwenda kushoto, nasi tunakiandika kwa herufi za Kirumi, kushoto kwenda kulia. Lugha ni moja, ila ukianzia upande usio wake husomi kitu. Prosesa nazo ziko hivyo. Rauta nyingi za zamani zenye chipu za Atheros huanza na baiti kubwa. Nyingi za MediaTek huanza na ndogo. Kila kipande cha JFFS2 hufunguliwa na alama 1985 katika msingi wa kumi na sita. Kwenye imeji ya upande wa kwanza utaona baiti 19 kisha 85, na ya upande wa pili 85 kisha 19. Kwa hiyo kabla hujaichoma imeji, ifungue kwa hexdump -C utazame baiti mbili za mwanzo. Kazi ya sekunde tano. Nimemwona kijana akiiruka, akakaa siku mbili akibadilisha kebo.

NAND ina masharti zaidi, na hapa wenye daftari waandike. Chipu ya NAND huuzwa ikiwa na kasoro, na hilo si wizi, limeandikwa kwenye waraka wake: chipu ya megabaiti 128 ina bloku 1,024, na kiwanda huahidi kwamba zisizopungua 1,004 ni nzima. Zile 20 waweza kuzikuta popote, ila bloku ya kwanza huhakikishiwa. Kwa hiyo huwezi kuandika imeji kwa mstari mnyoofu ukitumaini kila kitu kitatua mahali pake. Kwa kazi hii kuna tabaka la UBI, lililoingia kwenye Linux mwaka 2007, na juu yake UBIFS, ya mwaka 2008, kazi ya wahandisi wa Nokia wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Szeged cha Hungaria. UBI hukwepa bloku mbovu na kuzizungusha nzima zisichoke kwa upande mmoja. Lakini hutoza ushuru: ukurasa mmoja wa kila bloku kwa hesabu zake za kuosha, na mwingine kwa kujua bloku ni ya nani. Katika baiti 131,072 toa kurasa mbili za 2,048, unabaki na 126,976. Namba hiyo ndiyo unayoipa mkfs.ubifs, si 131,072. Kisha imeji hiyo unaipitisha kwenye programu ya ubinize ndipo iwe tayari kuchomwa. Kama chipu yako inaruhusu kuandika robo ya ukurasa, yaani baiti 512, ushuru unapungua na jibu linakuwa 129,024. Kifaa chenyewe huzitaja namba hizi kikiwaka. Zisome hapo, usizichukue kichwani mwa mtu, hata mimi.

Hoja ya tatu: kisichooshwa hurudi.

Hapa nawaomba msinicheke sana. Miaka kadhaa nyuma nilizipanga rauta tisa za mtumba kwa nyumba moja ya wageni. Baadaye nyumba ile ikaziuza, zikanunuliwa na shule moja upande huu wa Makupa, na shule ikaniita nizitayarishe upya. Kazi nyepesi, nikasema. Nilichukua mafaili yaleyale niliyoyatumia mwanzo, nikabadilisha jina la mtandao na nywila, nikaondoa vitu visivyohitajika, nikakata imeji mpya ya JFFS2. Ilitoka megabaiti 3. Sehemu yake kwenye chipu ilikuwa megabaiti 5. Nikaichoma kwa programu ya flashcp, nikaijaribu rauta moja ikakubali, nikafunga nyingine nane ukutani nikaenda zangu kula.

Jumatatu mwalimu mkuu akanipigia. Hakunisalimu. Aliniuliza kama shule yake imegeuka gesti, maana rauta mbili zilikuwa zikitangaza kwa fahari jina la ile nyumba ya wageni, na wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa tayari wanaingia kwa nywila ya zamani. Mmoja wao, mtoto wa aliyekuwa mhudumu kule, ndiye aliyeileta. Nilikwenda nikiamini kuna mtu kanichezea. Hakuna aliyenichezea. Flashcp huosha bloku zinazotosha imeji, basi. Megabaiti 3 za mwanzo zilioshwa, na megabaiti 2 za mwisho zikabaki na maandishi ya zamani. Rauta ilipowaka ilipitia daftari lote, kama nilivyosema, ikakuta kule mwisho mistari ya faili lilelile la mtandao. Na kwa kuwa wenye nyumba ya wageni walikuwa wakibadilisha mipangilio kila msimu, matoleo yao yalikuwa na namba kubwa kuliko langu jipya. Mstari wa mwisho ndio wenye nguvu. Rauta ilitii.

Dawa yake ni mstari mmoja kabla ya kuandika: flash_erase, jina la sehemu, kisha sifuri mbili. Sifuri ya kwanza ni pa kuanzia, ya pili maana yake osha hadi mwisho. Nimeuandika kwa kalamu nyeusi ukutani juu ya meza yangu ya kazi, chini ya kalenda.

Hoja ya nne: tenganisha matini na hashia.

Kitabu cha zamani kina matini katikati na hashia pembeni. Mwanachuoni akitaka kuongeza maelezo huandika pembeni; katikati hapaguswi. Mfumo wa OpenWrt, ulioanza mwaka 2004 baada ya Linksys kutoa hadharani programu za rauta yake ya WRT54G, umejengwa hivyo kwenye rauta nyingi. Katikati kuna SquashFS, kazi ya Phillip Lougher: mafaili yamebanwa kwa nguvu na hayaandikiki kabisa. Pembeni kuna sehemu ndogo ya JFFS2 inayobeba mabadiliko yako. Tabaka moja huviunganisha, nawe unaona kitabu kimoja. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha hali ya mwanzo, inaoshwa hashia peke yake.

Faida ya mpango huu mnaijua bila kuambiwa, kwa sababu mnaishi na stima inayokatika bila hodi. Ikikatika katikati ya kuandika, kinachoweza kuharibika ni hashia. Matini imelala salama. Walioanzisha BRCK jijini Nairobi, watu waliotoka Ushahidi, walianzia kwenye tatizo hilohilo walipotafuta wachangiaji mwaka 2013: rauta yenye betri ya saa nane hivi, inayoruka yenyewe kutoka kebo hadi mtandao wa simu. Wao walilikabili kwa betri. Asiye na bei ya betri atalikabili kwa mpangilio wa imeji, na ukweli ni kwamba hata mwenye betri anauhitaji mpangilio huo.

Kwa kifaa kilicho mbali, tuseme juu ya nguzo Jomvu Kuu, mimi huenda hatua moja zaidi: naweka matini mbili, ya zamani na mpya, na programu ya kuwashia hurudi kwenye ya zamani ikiwa mpya imeshindwa. Inakula nafasi mara mbili. Lakini ngazi na bodaboda navyo vinakula.

Nafasi yenyewe ina mpaka. OpenWrt toleo la 19.07 ndilo la mwisho lililotolewa rasmi kwa rauta zenye flashi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 32. Mkiziona zinauzwa rahisi, sasa mnajua sababu.

Hoja ya tano, na hii ni fupi: si kila kitu kinaingia kwenye imeji, wala si kila kitu kinafutwa.

Usiweke ndani ya imeji ufunguo wa siri wa kifaa. Ukiichoma kwenye vifaa thelathini, vyote vina ufunguo mmoja, na aliyevunja mlango mmoja ana thelathini. Acha kila kifaa kijitengenezee ufunguo kinapowaka mara ya kwanza. Wala usiache nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta kwa maelfu kwa kujaribu nywila za kiwandani tu.

Na kwenye rauta nyingi za Atheros, kilobaiti 64 za mwisho wa chipu zinaitwa “art”. Humo mna vipimo vya redio ya kifaa hicho, vilivyopimwa kiwandani kwa kifaa hicho, si cha jirani yake. Ukiviosha, Wi-Fi yako itakuwa kiziwi, na hakuna faili la kupakua litakalokurudishia. Kinakili kitu hicho kabla ya chochote, ukiweke mahali pawili.

Nakaribia mwisho, mwenyekiti, nimeiona ishara yako.

Vifaa vinabadilika. Vipya vingi, hasa dekoda na simu, vina eMMC, ambapo flashi imefungwa pamoja na kidhibiti chake ndani ya kifuko kimoja. Kidhibiti hicho ndicho kinachosambaza kazi na kukwepa bloku mbovu, na fundi anaandika kama anaandika diski. Baadhi watawaambia kwamba niliyoyasema leo yatakuwa historia. Huenda. Ila vibanda vya Magongo havitengenezi vifaa vya mwaka ujao; vinatengeneza vya miaka kumi iliyopita, na hivyo vina bloku za kilobaiti 64 na 128. Kazi ipo kwa muda mrefu.

Kwa vijana wasio na kifaa cha kuharibu: ndani ya Linux kuna moduli iitwayo nandsim. Inatengeneza chipu ya NAND ya kubuni ndani ya kumbukumbu ya laptopu, nawe unaweza kupandisha UBI juu yake, ukaangusha, ukaosha, ukaanza tena, bila kupoteza shilingi. Nimezungumza na mwalimu wa kompyuta aliyekaa hapo mbele, na amekubali tuazime chumba chake Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi. Atakayekuja na rauta iliyokufa aje nayo pamoja na adapta yake, maana adapta za kuazimana ndizo zilizoua nusu ya zilizokufa. Kifaa cha kusomea chipu ninacho kimoja, tutapokezana. Saa ya kwanza hatutaandika chochote kwenye chipu. Kila mtu atasoma /proc/mtd ya kifaa chake, aandike namba zake kwenye karatasi, aibandike mgongoni mwa rauta. Saa ya pili tutainakili “art”. Baada ya chai ndipo tutaosha.

Sasa yule kijana aliyenyoosha mkono tangu hoja ya pili, tafadhali uliza.